Foleni Mbili: Uchaguzi wa Programu Nyepesi ya Kutazama Picha

Programu ya kutazama picha ni ile ambayo, mtu akibofya picha, humwonyesha picha hiyo na kuziacha nyingine zilipo. Sehemu ya kwanza ya maelezo haya inajulikana na kila mwenye kompyuta. Ya pili haikuwa imetiliwa maanani sana katika mji mdogo wa Cheptiret, Kenya, hadi Jumanne iliyopita, saa tano na robo asubuhi, ndani ya saiba moja, yaani duka la intaneti na kuprinti, iliyo karibu na steji ya magari ya kwenda Chuo Kikuu cha Moi, mbele ya mashahidi tisa.

Programu hizi ni za aina mbili, nzito na nyepesi, na wengi hukosea kwa kudhani kwamba uzito ni ukubwa wa faili la kusakinisha. Uzito wenyewe ni muda uliopo kati ya kidole na jicho: kidole kimekwisha kubonyeza, jicho bado halijaona kitu. Muda huo ukiwa mfupi, mtumiaji hana habari nao. Ukirefuka hata kwa sekunde tatu, anabaki mbele ya kibodi hana kazi, na binadamu asiye na kazi mbele ya kibodi hubonyeza tena.

Mashine iliyohusika ni kompyuta ya mezani ya eks-UK, yaani iliyomaliza utumishi wake katika ofisi za Uingereza ikaletwa Kenya kuanza maisha upya. Ina kumbukumbu ya gigabaiti 2. Skrini yake imegeuzwa kuwatazama wateja, na mhudumu huiona kwa kupinda shingo, kwa sababu ya tangazo lililobandikwa ukutani: HAKIKI JINA LAKO KABLA YA KUPRINTI. Mpangilio huo umeleta amani kubwa. Tangu uanze, akina Cherono na akina Cherop wameacha kubadilishana vyeti.

Mteja aliyekuwa mbele ya foleni ni mwalimu mstaafu aliyepigwa picha ya pasipoti dukani humo tarehe 4, kwa ajili ya mambo ya pensheni, na sasa alirudi kutaka nakala nne zaidi. Picha yake ilikuwa ya mwisho kwa tarehe hiyo ndani ya folda ya kamera ya duka. Zilizofuata zilikuwa za tarehe 5. Tarehe 5, kwa taarifa rasmi, duka lilikuwa limefungwa. Mhudumu alikuwa amempigia simu mwenye nyumba, ambaye Kenya nzima humwita landilodi, akamweleza kwamba yuko Kapsabet kwa mazishi ya mjomba na kwamba kodi itabidi ingoje arudi. Kwa mujibu wa kamera, mhudumu alikuwa amejifungia dukani akiwa amevaa koti la wateja.

Koti la wateja ni chombo cha kazi katika duka lolote la picha za pasipoti. Huwa moja, jeusi, la saizi inayowafaa wote kwa kutomkaa yeyote, na huning'inia nyuma ya mlango pamoja na tai ambayo fundo lake lilifungwa na mtu aliyejua, miaka mingi iliyopita, na halijafunguliwa tangu hapo. Mkulima huingia na sweta lake, na kwenye picha hutokea akiwa karani wa kaunti. Mhudumu huwavisha watu koti hilo kutwa, na si rahisi mtu awavishe wenzake koti kwa miaka mitatu bila kujiuliza yeye lingemkaaje. Tarehe 5 swali hilo lilijibiwa kwa picha 31, zilizopigwa na kamera yenyewe baada ya kuhesabu sekunde kumi. Kwa hesabu iliyofanywa baadaye, katika picha 12 anatazama mbali upande wa kushoto kama gavana anayekagua barabara. Katika 6 ameshika kidevu. Katika 4 anazungumza na simu iliyozimwa. 8 ni tabasamu la viwango mbalimbali. Na katika moja ameinua faili la ushuru la mteja kama mtu anayeapishwa.

Mhudumu alibofya, kwa bahati mbaya, picha inayoitangulia ya mwalimu. Programu iliyokuja pamoja na mfumo wa mashine ikafungua dirisha jeusi na kuanza kuzungusha kiduara. Akabonyeza mshale wa kulia mara moja ili asogee hadi kwa mwalimu. Kiduara kikazunguka. Akabonyeza tena. Kisha akabonyeza kama mtu anayegonga mlango wa choo cha steji huku ndani mna mtu asiyejibu. Ndipo mashine ikazinduka.

Picha ya mwalimu ilikaa sekunde moja na nusu, ikampisha gavana. Gavana akampisha gavana. Mhudumu alibonyeza Esc, kitufe cha kutokea, mara tano, ikadhihirika kwamba Esc nayo hupanga foleni, na ilikuwa nyuma ya mishale yote. Akanyoosha mkono kuzima skrini. Kitufe chake kilivunjika mwaka jana na huzimwa kwa ncha ya kalamu, na kalamu ya duka alikuwa nayo mwalimu, akijaza fomu. Hatimaye mhudumu alisimama mbele ya skrini akaikinga kwa mwili wake, hatua iliyowawezesha waliokaa pembeni kulinganisha picha na mhusika.

Foleni ilikuwa na wanafunzi wanne wa Moi, vijana wawili wa bodaboda, mama mmoja muuza maziwa, mwalimu, na landilodi. Wanafunzi walianza kusema "Mheshimiwa!" kwenye picha ya saba. Mama aliutua mtungi wake ili atazame vizuri. Mwalimu, kwa mazoea ya kusahihisha, alitoa maoni: "Kijana, hiyo ya kushika kidevu ndiyo safi. Hizo za simu umezidisha." Landilodi hakucheka wala hakutazama sura. Alikuwa anasoma pembe ya chini ya skrini, mahali ambapo programu, bila kuombwa na mtu, ilikuwa ikiandika taarifa za kila picha: tarehe 5, saa 10:42, yaani saa nne na dakika 42 kwa hesabu ya nyumbani. Picha zilipokwisha na Esc ya kwanza kufika kwenye zamu yake, alikusanya fotokopi zake, akazikunja, akasema, "Pole sana kwa msiba, kijana," akatoka.

Waswahili husema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Katika mji mdogo wa barabarani, mwosha ni mhudumu wa saiba. Yeye ndiye anayejua nani amenyimwa mkopo, nani ana umri mmoja kwenye kitambulisho na mwingine kwenye barua ya kuomba kazi, nani amekuja kuprinti masharti ya talaka akisema ni ya rafiki yake. Jumanne hiyo mwosha mwenyewe ndiye aliyelazwa ubaoni.

Ili kuchagua programu bora inafaa kuelewa kwa nini ile mbaya ilifanya ilivyofanya, na jambo la kwanza ni foleni, ambazo zilikuwa mbili: ya watu, na ya vibonyezo. Kibonyezo hakiendi moja kwa moja hadi kwenye programu. Mfumo wa kompyuta hukipokea, hukipanga nyuma ya vilivyotangulia, na programu hukichukua itakapopata nafasi, cha kwanza kwanza. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa na foleni ya vibonyezo 15 tu. Mtu aking'ang'ana na cha 16, mashine ililia na kukikataa. Ilikuwa mashine yenye adabu. Mifumo ya leo hupokea vibonyezo kwa mamia bila hata kukohoa, kisha huvitimiza kimoja kimoja kwa uaminifu wa askari ambaye vita vimekwisha na hajaambiwa. Programu iliyotungwa vizuri, ikikuta mishale thelathini imejipanga, hutambua kwamba aliyeibonyeza amechoka kungoja, huruka hadi ya mwisho au huitupa yote. Iliyotungwa vibaya huheshimu kila mshale.

Jambo la pili ni kwa nini programu ilikwama hapo mwanzo, na hapa jibu ni zuri kuliko tukio lenyewe.

Picha nyingi za simu na kamera huhifadhiwa kwa muundo wa JPEG, uliokubaliwa mwaka 1992 na kupewa jina la kundi la wataalamu walioutunga. Muundo huo huikata picha kuwa vipande vya mraba, kila kimoja cha pikseli 8 kwa 8, jumla 64. Badala ya kuandika mwangaza wa kila pikseli, JPEG huuliza: kipande hiki kimechanganywa kwa michoro gani? Ina michoro yake 64 isiyobadilika, kama mpishi mwenye kabati la viungo 64. Mchoro wa kwanza ni rangi tupu, tambarare. Inayofuata ni mawimbi: mapana, yaliyolala, yaliyosimama, yaliyokatana, mpaka membamba kabisa kama wavu wa chandarua. Kipande chochote cha picha yoyote, kiwe cha shavu, cha ng'ombe au cha anga la kaunti ya Uasin Gishu kabla ya mvua, kinaweza kupikwa upya kwa kujua kiasi cha kila kiungo.

Kufikia hapo hakuna kilichobanwa. Pikseli 64 zimegeuka namba 64. Ujanja unakuja baadaye. Jicho la mtu huona vizuri mabadiliko mapana na huona vibaya yale membamba. Basi JPEG huzikadiria bila huruma namba za mawimbi membamba, na nyingi huishia kuwa sufuri, na sufuri zilizofuatana huandikwa kwa mkato, kama mzungumzaji anayesema "na kadhalika" akaenda zake. Ndiyo maana kitambaa cheupe nyuma ya mteja wa picha ya pasipoti hakigharimu karibu chochote: kila kipande chake ni kiungo kimoja. Shamba la mahindi likipigwa picha mwezi wa saba, kila jani na mstari wake, hula nafasi mara nyingi zaidi. Kichwa chenye nywele hugharimu zaidi kuliko chenye upara. Mwalimu wa Jumanne ni miongoni mwa wateja wepesi zaidi wa duka lile, na hilo halikumsaidia.

Hesabu hii ya mawimbi ni wazo la Nasir Ahmed, mzaliwa wa Bangalore aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas, Marekani. Mwaka 1972 aliomba fedha za utafiti kwa wakfu wa taifa wa sayansi wa nchi hiyo, akanyimwa, kwa kuwa wazo lilionekana jepesi mno. Alilifanyia kazi hivyo hivyo, akalichapisha mwaka 1974 pamoja na T. Natarajan na K. R. Rao. Kila mwanafunzi anayeingia saiba ya Cheptiret kukata rufaa baada ya kunyimwa mkopo wa masomo huambatisha picha iliyobanwa kwa hesabu ya mtu aliyenyimwa fedha. Hakuna anayemwambia, na pengine angefarijika.

Kufungua picha, kwa hiyo, ni kupika upya. Kamera ya pikseli milioni 12 hutoa picha ya 4000 kwa 3000, ambayo ni vipande 187,500, na kila kimoja lazima kichanganyiwe viungo vyake. Faili la megabaiti 4 hufumuka kama unga wa mandazi hadi baiti milioni 36, kwa sababu kila pikseli inadai baiti tatu: ya nyekundu, ya kijani na ya bluu. Skrini ya duka ni ya pikseli 1366 kwa 768. Picha ikienea humo kwa kimo kamili huchukua kama 1024 kwa 768, hazifiki hata laki nane. Jikoni kumepikwa sufuria kumi na tano, mgeni akapakuliwa moja, kumi na nne zikamwagwa.

Programu nyepesi hulijua hili kabla ya kuwasha moto. Maktaba ya bure ya msimbo ya Independent JPEG Group, iliyoanza kusambazwa mwaka 1991 na kutumiwa tangu hapo ndani ya programu nyingi sana, inaweza kupika picha kwa nusu, kwa robo, au kwa thumni ya upana wake. Kwa thumni, kinachotumika ni kile kiungo cha kwanza tu cha kila kipande, rangi tupu, na vingine 63 havichanganywi. Bado namba zote lazima zisomwe kwenye faili, lakini kazi nzito imeepukwa. Programu nyingine huongeza hila ya pili: mtumiaji anapotazama picha moja, programu inaipika inayofuata kimyakimya, ili mshale ukibonyezwa chakula kiwe mezani. Hila hiyo ni nzuri kwenye kumbukumbu ya gigabaiti 8. Kwenye gigabaiti 2, ambazo mfumo wenyewe umekwisha kula nyingi, ni karamu kwa mkopo.

Tarehe iliyomponza mhudumu ilitoka mahali pengine. Tangu mwaka 1995 kamera zimekuwa na desturi iitwayo EXIF, ya kuandika ndani ya faili siku na saa ya kupigwa picha, aina ya kamera, na kwa simu mara nyingine hata mahali. Humo pia mna namba moja, kati ya 1 na 8, inayoeleza kamera ilikuwa imeshikwaje: wima, ubavu, kichwa chini. Kuna programu zinazoisoma namba hiyo na kuisimamisha picha, na kuna zisizojishughulisha. Duka hilo liliwahi kuprinti nakala 200 za ratiba ya mazishi ambazo marehemu amelazwa ubavu.

Sasa kuna suala ambalo halichekeshi sana. Programu za kutazama picha zinazokuja na mifumo ya siku hizi hazitazami picha tu. Zikifunguliwa hutafuta nyuso, huunda albamu za "siku kama ya leo", humuuliza mtu kama angependa kuingia kwenye akaunti, na kabla ya yote hayo huenda kwenye intaneti kuulizia kama kuna toleo lao jipya. Waliozitunga waliichukulia intaneti kama hewa. Cheptiret intaneti ni bando: lina kipimo na lina saa ya kuisha. Mwenye saiba hulinunua asubuhi ili awajazie watu fomu za serikali, na adhuhuri hugundua kwamba sehemu kubwa imeliwa na programu ya picha iliyokuwa ikijirembesha. Hakuna aliyeomba ruhusa na hakuna risiti. Mama wa maziwa akipunjwa nusu lita anajua aende kwa nani. Aliyepunjwa megabaiti mia tatu hana ofisi ya kuendea, na akiandika malalamiko hujibiwa kwamba mashine yake ni ya zamani, anunue nyingine. Mashine si mbovu. Inawaka, inahesabu, inaprinti, na ingeonyesha picha kwa sekunde moja kama ingeachiwa kazi hiyo peke yake. Inastaafishwa na watu ambao hawajawahi kuiona, kwa ajili ya vipengele ambavyo hakuna mteja wa steji aliyewahi kuviomba.

Wala chema hakidumu. Picasa, iliyonunuliwa na Google mwaka 2004, ilipendwa kwa wepesi wake na ilienea katika studio ndogo nyingi. Mwaka 2016 ilisitishwa, na wenye picha wakaelekezwa mtandaoni. Nakala zake za zamani bado hupokezanwa kwa flashi kama mbegu ya kienyeji.

Kwa anayetumia Windows, jina la kwanza kutajwa huwa IrfanView, na halitajwi bure. Iliandikwa na Irfan Škiljan, mzaliwa wa Jajce huko Bosnia aliyesoma Vienna, na toleo la kwanza lilitoka mwaka 1996. Jina lake la kwanza lina mzizi mmoja wa Kiarabu na neno "maarifa". Faili lake la kusakinisha ni megabaiti chache, hufunguka kabla kidole hakijatoka kwenye kipanya, na Esc yake hufunga programu nzima papo hapo, sifa ambayo thamani yake haihitaji kurudiwa. Alama yake ni paka mwekundu aliyebapa kama aliyekutana na lori. Katika duka lililo kando ya barabara kuu ya Eldoret kwenda Nakuru, wateja huiona alama hiyo ni ya kawaida kabisa. Kuna sharti moja. Ni ya bure kwa matumizi ya nyumbani, lakini kwa biashara inatakiwa leseni ya kulipia. Saiba ni biashara. Saiba nyingi hujifanya ni nyumbani, na hilo ni wizi mdogo unaofanywa na watu wanaokasirika sana wakipunjwa bando.

FastStone ina sharti la aina hiyo hiyo na vifaa vizuri vya kukata picha. Katika skrini nzima huficha menyu zake kingoni, zikaibuka kipanya kikigusa ukingo, jambo linalowashtua wazee. XnView MP, ya Mfaransa Pierre Gougelet, husoma miundo zaidi ya 500, mingi ikiwa ya kompyuta zilizokwisha kuzikwa. ImageGlass na nomacs ni za msimbo huria. Nomacs nayo ilianzia Vienna. Kuna kitu katika maji ya mji ule.

Muundo mmoja husumbua hata hizi. Simu za iPhone, tangu mfumo wa iOS 11 wa mwaka 2017, huhifadhi picha kwa HEIC, ambayo hubana vizuri kuliko JPEG lakini ufunguzi wake umefungwa na hataza za kulipia. Mwanafunzi mmoja alikuja na picha za HEIC dakika ishirini kabla ya tarehe ya mwisho ya kutuma maombi. Aliondoka nazo.

Mwenye gigabaiti 2 hana njia ya kwenda Windows 11, inayodai gigabaiti 4 kwa uchache na chipu ya usalama ya TPM 2.0, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa mashine kama hiyo mfumo wa Linux ni kimbilio la kweli, na huko programu nyepesi ni nyingi: GPicView, Ristretto, Viewnior, na ile iliyo nyepesi kupita adabu, feh, iliyoanzishwa na Tom Gilbert. Feh haina vitufe vya kubofya vinavyoonekana wala ukingo wa mapambo. Ni picha, basi. Na ina tabia moja ambayo vitabu huitaja kama upungufu: ikipewa faili moja, huonyesha hilo moja, na mshale ukibonyezwa mara mia haitoki hapo. Folda iliyolizunguka haiihusu. Ukirudi kwenye maelezo ya mwanzo wa makala haya utaona kwamba feh ndiyo pekee kati ya zilizotajwa kwa urefu inayoyatimiza yote mawili bila kuambiwa. Haikuchaguliwa Cheptiret, kwa sababu nyaraka za wateja ni za Word na mhudumu hana siku mbili za kufunga duka kujifunza mfumo mpya. Akifunga tena, hakuna atakayeamini sababu.

Jaribio la kupima wepesi ni rahisi, na halihitaji kusoma sifa zilizoandikwa na wauzaji. Huchukuliwa picha kubwa kuliko zote dukani, mashine ikiwa imetoka kuwashwa na bando limezimwa. Hubofywa mara moja na kuhesabiwa kwa sauti: moja, mbili, tatu. Programu isiyofika kwa tatu huachwa. Kisha mshale hubonyezwa mara kumi kwa haraka, mikono ikaondolewa, na kutazamwa kama picha zinaendelea kusonga zenyewe. Zikiendelea, programu hiyo isikae kwenye mashine ambayo skrini yake inatazama watu. Mwisho hufunguliwa Task Manager ya Windows kuona imekula kumbukumbu kiasi gani, na kama bado inakula baada ya kufungwa. Jaribio lifanyike mlango ukiwa umefungwa, katika folda yenye picha za ng'ombe.

Hata programu bora kuliko zote ina upofu mmoja: inaona folda, haimwoni mteja. Picha zilizo folda moja ni jirani, na mshale hauulizi ni za nani. Dawa ya hilo haipo kwenye programu yoyote. Ni folda moja kwa kila mteja, inayofunguliwa jina lake likiwa limeandikwa, na kufutwa kazi ikiisha. Kitufe cha Delete kiko juu tu ya mishale, na cheti cha ubatizo cha mtoto mmoja kilikwisha kwenda njia hiyo.

Saiba ya Cheptiret sasa inatumia IrfanView, na leseni imelipiwa. Kila mteja ana folda yake. Skrini bado inatazama watu, kwa ajili ya akina Cherono na Cherop. Mwalimu alipata nakala zake nne bila malipo. Kodi ya mwezi ililipwa Jumanne hiyo hiyo, kabla ya saa kumi na mbili jioni.